Mrejesho: revolva ndogo ya bei nafuu, hatimaye nimepata

Wakuu, mimi ndo yule niliyeuliza revolva gani ndogo (bastola yenye silinda ya risasi inayozunguka) ya kubeba kila siku, leseni ninayo ila mfuko haujanona. Asanteni sana, hata mlionicheka.

Nimechukua Taurus 856 ya chuma, inatumia risasi za saizi ya .38 Special, inabeba 6, mtutu inchi 2. Mlionikataza zile nyepesi mlikuwa sahihi kabisa, maana nilijaribu Smith & Wesson 642 ya jamaa yangu, ina gramu 410 hivi tu, mfukoni huisikii kabisa lakini ukifyatua inapiga kiganja, mpaka ikifika risasi ya tano unafumba macho kabla hujavuta triga. Yangu ina kama gramu 630 na tofauti naisikia.

Ushauri wa kununua iliyotumika ndo ulinigomea. Niliyoletewa iling'aa vizuri tu, ila nikafanya kama mlivyosema, nikahakikisha haina kitu ndani, nikavuta triga taratibu nikaishikilia, silinda ikawa inacheza kushoto kulia kama jino la mtoto, dalili kwamba imechakaa. Nikairudisha, nikajibana nikanunua mpya.

Nilipokosea ni nyundo, kile kidude cha nyuma kinachogonga risasi itoke, inanasa kwenye shati nikiichomoa, na kuna mtu aliniambia chukua isiyo na nyundo ya nje nikampuuza, samahani mkuu. Mfuko wa kuibebea wa kitambaa laini nao nimeuacha, sasa natumia wa ngozi ngumu unaofunika triga yote.

Shabaha mita 7 niko sawa, mita 15 bado aibu.