Naomba ushauri: mji ukipungukiwa na watu, jengo lipi la umma libaki?
Ndugu wanajamvi, ninaandika tasnifu ya mipangomiji kuhusu Yubari, mji wa makaa ya mawe kisiwani Hokkaido, Japani, uliokuwa na watu wapatao 117,000 mwaka 1960 na sasa hawafiki 7,000. Halmashauri ilipofilisika mwaka 2007, maktaba ilifungwa, hospitali ikashushwa hadhi kuwa zahanati, na shule za msingi zikaunganishwa hadi ikabaki moja. Kinachonisumbua, tena sana, ni bibi kizee aliyebaki bondeni, ambaye kwake, theluji ikijaa mlangoni, huduma iliyohamishiwa mbali ni sawa na iliyofungwa. Je, nipime thamani ya jengo kwa gharama za kulitunza, au kwa umbali wa mtumiaji wa mwisho? Aliyewahi kufanya tathmini ya namna hii naomba anielekeze.