Wanatuuzia giza na makelele, halafu lawama tunabebeshwa sisi watazamaji!

Wakuu, salaam kutoka Tanga. Leo sina subira na watengeneza filamu na muziki wa ng'ambo, atakayekwazika na akwazike.

Naanza na Game of Thrones, tamthilia ya TV, ile episodi ya vita ya usiku, sizoni ya nane, Aprili 2019. Dakika 82. Watu tangu 2011 tunasubiri jeshi la wafu lifike, siku ya siku ikawa giza totoro! Hapa Makorora tulifunga mapazia, tukazima taa, tukapandisha mwanga wa TV mpaka mwisho, bado tunaulizana "huyo aliyeanguka nani?" Wale Dothraki, wapiganaji wa farasi, wanaingia vitani na mapanga ya moto, kisha moto unazimika kwa mbali mmoja mmoja, hapo nawapa maua yao, giza lilikuwa na kazi. Baada ya hapo ni kubahatisha tu. Na video ikiminywa ipite kwenye intaneti, penye giza ndipo panapoharibika kwanza, panakuwa miraba miraba ya kijivu.

Kilichonipandisha presha ni mpiga picha wao, Fabian Wagner, kujitetea kwamba watu hawajui kuseti TV zao. Ebo! Bando ninunue mimi, na kasoro iwe sebuleni kwangu? Mbona hata Wamarekani wenyewe walilalamika?

Metallica, bendi ya roki nzito, nao ni walewale. (Najua huu ni mji wa taarabu, hata mama mwenye nyumba kashaniuliza hayo makelele ni ya nini.) Albamu yao ya St. Anger ya 2003 siisemi sana: haina solo ya gitaa hata moja na ngoma ya Lars Ulrich inalia kama debe tupu. Death Magnetic ya 2008 ndiyo inayoniuma, kwa sababu nyimbo ni nzuri! Solo zimerudi, kasi imerudi, ila sauti wameisukuma juu mpaka inakwaruza, ukivaa hedifoni kichwa kinagonga. Mashabiki wakagundua nyimbo hizohizo ndani ya gemu la Guitar Hero zinasikika safi. Yaani sauti safi ilikuwepo, wakampa mcheza gemu, aliyenunua albamu akauziwa mikwaruzo. Maelfu wakatia saini kuomba irekebishwe. Wapi!

Sasa Bohemian Rhapsody, muvi ya 2018 kuhusu mwimbaji Freddie Mercury na bendi yake, Queen. Freddie kazaliwa Unguja mwaka 1946, familia ikaondoka 1964 baada ya Mapinduzi. Mtu wetu wa pwani kabisa, na muvi inaigusa Zanzibar juujuu kama haina maana. Haya, tuseme hilo ni wivu wangu. Lakini uongo je? Wanatuonesha bendi inasambaratika kwa kuwa Freddie kaenda kurekodi peke yake, wakati Roger Taylor, mpiga ngoma wao, alishatoa albamu yake binafsi 1981, na mwaka 1984 Queen wote wakatoa albamu ya The Works wakazunguka nayo duniani. Hakuna aliyesambaratika. Ugonjwa wake wa UKIMWI nao wameuvuta nyuma uje kabla ya tamasha la hisani la Live Aid la Julai 1985, ili tu tulie. Mtu kaugua kweli na kafa kweli, mnamwongezea chumvi ya nini?

Rami Malek, aliyemwigiza Freddie, tuzo yake halali, sina neno. Ila Oscar ya uhariri? Ile sehemu wanapokutana na meneja wao mezani, picha inarukaruka kabla hujajua nani anaongea. Anayeitetea tuzo ile aje hapa anioneshe ilistahili wapi. Nipo macho.