"Sì" ya Waitaliano na "si" yetu: inakuwaje neno moja likubali huku na likatae huku?

MtembezaWageni (Watamu)

Ndugu zangu, naomba mnisaidie jambo linalonisumbua tangu wiki iliyopita. Mimi huwapeleka watalii baharini kutokea Watamu, na kama mjuavyo, pwani yetu ya Malindi na Watamu imezoeana na Waitaliano kwa miaka mingi, kiasi kwamba hata wauza vinyago hupatana nao bei kwa Kiitaliano. Siku hiyo mawimbi yalikuwa makubwa, na mzee mmoja aliyejifunza maneno machache ya Kiswahili alianza kubadilika rangi. Nahodha wetu, ambaye Kiitaliano kimempita kando, akamwuliza: "Mzee, wewe mgonjwa?" Mgeni akajibu haraka: "Sì, mgonjwa." Alikusudia kusema "ndiyo, mgonjwa", lakini nahodha alisikia "si mgonjwa", akaongeza mwendo. Yaliyofuata mnayakisia, na aliyeosha mashua ni mimi.

Ninachotaka kujua ni hiki: je, maneno haya mawili yana uhusiano wowote? Na kwa nini mwenzangu aliyesoma Kifaransa ananiambia kwamba huko "si" ni "kama", na papo hapo ni "ndiyo"?

Mwalimu Mstaafu (Morogoro)

Pole kwa kuosha mashua. Hakuna undugu wowote kati ya maneno hayo. Yamekutana kwa sauti tu. "Sì" ya Kiitaliano imetokana na neno la Kilatini "sic", maana yake "hivyo". Kilatini hakikuwa na neno moja maalumu la kukubalia: mtu akiulizwa "Unakuja?" aliweza kurudia kitenzi na kujibu "Nakuja", au alisema "hivyo", yaani mambo yako kama ulivyoyasema. Waitaliano na Wahispania walirithi "hivyo" hiyo. Kusini mwa Ufaransa watu walichagua "hoc", yaani "hili", likawa "oc". Kaskazini wakaliunganisha na "ille", yaani "yule", likawa "oïl" na baadaye "oui". Mwanzoni mwa karne ya 14 mshairi Mwitaliano Dante alizitenga lugha hizo tatu, ya "sì", ya "oc" na ya "oïl", kwa kigezo hicho hicho cha namna watu wanavyokubali, na eneo la Languedoc mpaka leo linabeba jina lenye maana ya "lugha ya oc".

Kinachonifurahisha mimi ni kwamba sisi tulipita njia hiyo hiyo bila kuambizana na Warumi. Litazameni neno "ndiyo": ni "ndi-" ya kusisitiza pamoja na "-yo" ya kurejelea, ndugu wa "ndivyo", "ndilo" na "ndiye". Anayesema "ndiyo" anasema "ni hiyo hasa". Kinyume chake ni "siyo", na hapo ndipo "si" yetu ilipokaa, kwenye kiti kile kile cha "ndi-", ikifanya kazi ya kukana.

Ama "si" ya Kifaransa yenye maana ya "kama", hiyo ni mtoto wa neno jingine la Kilatini, "si", ambalo tangu zamani lilikuwa la masharti. Waitaliano walikwepa mkanganyiko kwa kuligeuza likawa "se", na Wahispania hutofautisha kwa alama juu ya herufi. Wafaransa, ambao mbali na "oui" walibaki pia na "si" ya kukubali kutoka "sic", waliyaacha yote mawili yafanane.

Mkaazi wa Bukavu

Mwalimu amepita haraka mahali ambapo sisi tuliosomeshwa kwa Kifaransa huteleza. "Si" ya Kifaransa haikubali ovyo; hutumika tu pale swali lilipoulizwa kwa kukanusha, nawe unataka kulipindua. Nyumbani kwetu, bibi alimwuliza mpwa wangu anayetoka shule: "Haujakula?" Mtoto akajibu kwa mazoea ya darasani: "Si!", yaani nimekula. Bibi alisikia kukana, akampakulia sahani ya pili, na mtoto hakuona sababu ya kufafanua.

Kiswahili hakina neno la kazi hiyo. Ukiulizwa "Hujala?" ukajibu "ndiyo", msikilizaji wa kwetu anaelewa kwamba kweli hujala, kwa sababu "ndiyo" inathibitisha maneno yaliyosemwa, wala haitazami tumbo. Ukijibu "hapana", baadhi watakupa chakula na baadhi hawatakupa. Usalama uko katika kurudia kitenzi, "Nimekula", kama Mrumi wa Mwalimu.

Mwana wa Mvita

Kwa heshima zote, Mwalimu, kuieleza "si" yetu kama neno la kukana peke yake ni kuipunja. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi", hapo sawa, inakana. Lakini nikikwambia "Si ulisema utakuja?", mimi sikani; nakukumbusha kwamba ulisema, na nangoja ukiri. Mgeni akisimama mlangoni nikamwambia "Si uketi basi", ninamkaribisha.

Halafu kuna ile ya kufupisha "sisi". Katika chama chetu cha kuzikana katibu aliandika kwenye kumbukumbu: "Si sote tulikubali kuongeza mchango." Alikusudia "sisi sote". Waliokuwa hawataki kuongeza wakasoma "siyo sote", na mkutano uliofuata ulianza na sentensi hiyo ukaishia nayo. Kwa mdomo mapumziko na mkazo wa sauti huokoa. Katika maandishi, andikeni "sisi" kamili.

Kiongozi wa Kwaya (Bukoba)

Nami nina yangu. Kwaya yetu ilipokutana na wanakwaya kutoka Congo, sisi tuliimba "la, ti, do" na wao "la, si, do". Majina ya awali ya noti sita za mwanzo yanatokana na wimbo wa Kilatini wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji, kwa mfumo wa Guido wa Arezzo, mtawa wa karne ya 11. Noti ya saba iliongezwa baadaye kwa herufi za mwanzo za jina la mtakatifu huyo, Sancte Iohannes. Katika karne ya 19 mwalimu Mwingereza, Sarah Glover, aliigeuza "si" kuwa "ti" ili kila noti ianze kwa herufi yake, kwa kuwa "so" na "si" ziligongana. Wamisionari wakatuletea ya Kiingereza, wenzetu wakaletewa ya Kifaransa.

Mfanyabiashara (Guangzhou)

Kwa ufupi: Kichina sanifu kina "sì" ya toni inayoshuka, maana yake nne, na "sǐ" ya toni inayozama kisha kupanda, maana yake kufa. Ndiyo maana katika baadhi ya majengo lifti inatoka ghorofa ya 3 kwenda ya 5. Sokoni mimi huandika bei kwenye kikokotoo.

MtembezaWageni (Watamu)

Ahsanteni sana. Nimemsomea nahodha majibu yote, naye ameamua kwamba kuanzia sasa atauliza "Mzee, wewe mzima?" Nimemwonyesha kwamba mgeni akijibu "Sì, mzima", tutakuwa pale pale, ila safari hiyo tutageuza chombo kumrudisha pwani mtu asiye na tatizo lolote. Bado anafikiri.