Kufunga gesi kwenye tela la kulala nililojitengenezea: mtungi ukae wapi?

Mrina wa Kati

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa wenye uzoefu wa gesi.

Naishi Nzuguni hapa Dodoma. Nina mizinga ya nyuki huko Itigi na mingine upande wa Kwa Mtoro, na msimu wa kurina nahamia porini mpaka kazi iishe. Kulala kwenye hema na kupikia mafiga sasa basi. Kiangazi nyasi zimekauka, upepo unavuma mchana kutwa, cheche moja tu ya kuni inatosha kuteketeza mizinga yangu na msitu wa watu. Nikaamua kujitengenezea tela la kulala, linavutwa na pikapu yangu. Fremu ni ya bomba za mraba, ekseli nimetoa kwenye gari la zamani, kuta ni plaiwudi ndani na bati nje. Urefu mita 3, upana mita 1.8, kimo naingia nimesimama bila kuinama. Kitanda kipo nyuma, jiko mbele kushoto karibu na mlango.

Kilichobaki ni gesi. Jiko la mezani la plate mbili ninalo, mtungi wa kilo 6 ninao, na nyumbani kuna wa kilo 15. Ninayotaka kujua ni haya. Nimeacha nafasi chini ya kitanda kwa ajili ya mtungi, maana ukikaa nje naogopa wezi, hasa nikipaki mnadani Msalato au stendi ya Manyoni. Je, ni sawa? Halafu kutoka hapo hadi jikoni ni kama mita tatu na nusu, naweza kupitisha mpira wa kawaida wa gesi chini ya sakafu? Na mwezi wa saba usiku kule ni baridi kweli kweli, kuna ubaya nikiacha plate moja na moto mdogo madirisha yakiwa yamefungwa? Mama watoto naye anataka tuyeyushie nta humo humo tukiwa huko huko porini.

Natanguliza shukrani.

Fundi Gesi Makole

Kijana wangu, chini ya kitanda hapana. Kabla hujapiga hata skrubu moja, nisikilize kwa utulivu. Kazi yangu ni kufunga gesi kwenye majiko ya hoteli na shule hapa mjini, na tangu taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zikatazwe kuni na mkaa nimefunga mingi mno. Tela ni dogo kuliko stoo ya shule, kwa hiyo linataka umakini zaidi.

Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani. Propani ni nzito kuliko hewa kama mara moja na nusu, butani kama mara mbili. Maana yake ikivuja haipandi darini ikatokea dirishani. Inashuka, inatambaa sakafuni, inajaa kuanzia chini, na wewe umelala hapo hapo juu yake. Sasa piga hesabu ya chumba chako: mita 3 kwa 1.8 kwa kimo cha mtu, ni kama mita za ujazo 10. Hewa ikiwa na gesi asilimia 2 hivi inashika moto. Asilimia 2 ya chumba hicho ni lita 200 za gesi, na lita 200 za gesi hazifiki nusu kilo. Mtungi wako una kilo 6. Tena gesi haisubiri ichanganyike chumba kizima, ile iliyotuama chini inaweza kulipuka mapema zaidi.

Kwa hiyo kazi yote ya kufunga gesi kwenye tela ni kuipa njia ya kutoka kwa chini. Ukilishika hilo, mengine utayaona mwenyewe.

Mtungi mjengee sanduku la bati juu ya mkono wa kuvutia, mbele, kati ya tela na pikapu. Nyuma usiweke, ukigongwa na lori utakuwa umelikabidhi mtungi. Mlango wa sanduku ufungukie nje tu. Ukuta unaopakana na chumba usiwe na tundu lolote isipokuwa la bomba, na hilo lizibe kwa silikoni. Kwenye sakafu ya sanduku kata tundu la sentimita 10 kwa 10 au zaidi, linalotazama ardhini moja kwa moja. Hilo ndilo mlango wa gesi iliyovuja, lisizibwe na begi wala kamba. Betri ya sola na nyaya za taa za tela zisikae humo hata kidogo. Wizi utauzuia kwa kufuli, ila funguo ikae mahali ambapo hata mama watoto anaifikia gizani.

Mtungi usimame wima siku zote, ufungwe kwa mikanda miwili, juu na chini. Ukilazwa, kimiminika kinaingia kwenye regulata (kile kifaa cha mdomoni kinachopunguza nguvu ya gesi) badala ya mvuke, na kwenye jiko unapata ndimi za moto za kutisha. Paka sanduku rangi nyeupe, jua la Dodoma unalijua.

Mpira wa mita tatu na nusu chini ya sakafu siuafiki. Utapigwa na mawe, utasuguliwa na fremu, na panya wa porini watautafuna ukiwa umelala. Mpira utumie ndani ya sanduku tu, kipande kifupi kutoka kwenye mtungi. Angalia tarehe iliyochapwa juu yake, na ukiukunja ukaona nyufa, tupa. Kuanzia hapo nenda na bomba la shaba. Nenda kwa mafundi friji, wanauza bomba laini la inchi 3/8 lililoviringwa, nunua kipande kimoja kinachofika bila kuungwa njiani. Kiungio cha chini ya sakafu hukioni wala hukigusi, na kitakachovuja ni hicho. Mdomo wa bomba waombe waupanue kwa kifaa chao, uvae nati ya shaba. Shika bomba kwa klipu zenye raba kila nusu mita, maana shaba ikitikiswa muda mrefu inakakamaa kisha inapasuka, na barabara ya kwenda Kwa Mtoro itaitikisa. Linapopenya plaiwudi au bati, livalishe raba. Mwisho wake, karibu na jiko, weka valvu ya mkono ambayo unaifikia bila kupitisha mkono juu ya moto.

Jiko lenyewe likague. Nataka lile ambalo pembeni ya kichwa cha moto lina kijiti kidogo cha chuma kinacholambwa na moto. Kijiti hicho kikipata joto kinaishikilia valvu iwe wazi. Upepo ukipuliza moto ukazimika, kinapoa, na ndani ya muda mfupi gesi inajifunga yenyewe. Majiko mengi ya bei nafuu ya mezani hayana. Kwa nyumba yenye madirisha makubwa watu wanavumilia, kwa tela mimi nisingekufungia lisilo nacho.

La baridi sasa. Jiko la gesi si hita. Moto unakula hewa unayovuta, na hewa ikipungua unaanza kutoa kaboni monoksidi. Ile harufu kali ya gesi unayoijua imeongezwa kiwandani ili uvujaji ugundulike, kaboni monoksidi haina harufu yoyote. Mtu anasikia kichwa kizito, anajilaza kidogo, haamki. Toboa matundu mawili ya kudumu, moja chini karibu na sakafu na jingine juu, yasiyo na kifuniko cha kufungwa. Ukipika, fungua na dirisha. Ukilala, valvu ya mtungi imefungwa. Kwa baridi tafuta blanketi zito, au ongeza godoro la sponji ukutani.

Mama Nta

Fundi amesema vizuri sana, Mungu ambariki. Mimi ni mfugaji mwenzako, nipo Manyoni. Naomba niongeze mambo ya nyuki ambayo fundi wa mjini hawezi kuyajua.

Sanduku la bati lenye giza, lililotulia, lenye tundu dogo kwa chini, hilo kwa nyuki ni mzinga, kaka yangu. Kundi likihama msimu wa maua litaingia humo kabla ya kuingia kwenye mizinga uliyotundika. Na hata wasipohamia, wakipata upenyo wanaupaka gundi yao mpaka unaziba kabisa. Nyigu nao wanajenga kwa udongo kwenye matundu ya ukutani. Kwa hiyo weka wavu wa chuma kwenye kila tundu, wenye macho ya milimita 3 hivi, nyuki hapiti. Ila wavu unapunguza nafasi ya hewa, kwa hiyo kata tundu kubwa kuliko alilosema fundi, karibu mara mbili. Kila unapofika kambini piga tochi chini ya sanduku, safisha vumbi kwa brashi kavu.

Kuhusu nta, mwambie wifi yangu asiyeyushie ndani. Nta inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 tu, haihitaji moto mkali. Sufuria ya nta inakaa ndani ya sufuria ya maji, kamwe isikae juu ya moto moja kwa moja, maana ikipata joto kupita kiasi inawaka kama mafuta ya taa. Na ikimwagika kwenye kichwa cha moto ndani ya chumba cha plaiwudi, mtatokea wapi? Jiko lenu lipo karibu na mlango. Chukua jiko dogo la plate moja na ule mtungi wa kilo 6, kaa nje mbali na nyasi kavu, zungusha bati la kukinga upepo upande mmoja tu, mtungi ubaki nje ya kinga. Na fanya usiku, mchana harufu ya nta itawaita nyuki wa wilaya nzima.

Dereva Singida

Mbona mnamtisha mwenzenu? Bodaboda wanabeba mitungi kila siku mjini, mwingine kaulaza begani. Mimi nimebeba wa kilo 15 kwenye gari miaka mingi. Akaze regulata vizuri aendelee na safari.

Fundi Gesi Makole

Dereva, mtungi wa bodaboda upo hewani. Ukivuja, upepo unaondoka na gesi, na hakuna aliyelala juu yake wala anayewasha kiberiti saa kumi na moja alfajiri kupika chai. Huyu amejenga chumba kilichozibwa vumbi lisiingie. Kinachozuia vumbi kuingia kinazuia gesi kutoka. Na mtungi uliofungiwa kwenye gari lililosimama juani nao siushauri, fungua madirisha na uushushe mapema.

Mama Nta, hilo la nyuki sikulijua. Asante sana. Nitalikumbuka hata kwa matundu ya stoo za gesi shuleni.

Mrina wa Kati

Nawashukuru wote, hasa fundi na mama. Chini ya kitanda naweka nguo na mavazi ya kurinia. Leo nimepima mkono wa kuvutia, nafasi ya sanduku ipo. Maswali mawili ya mwisho, mzee wangu. Nibebe mtungi wa 15 au wa 6? Na nikishamaliza kufunga, nitajuaje kwamba hakuna panapovuja bila kuwa na vifaa vya kitaalamu?

Fundi Gesi Makole

Beba miwili ya kilo 6. Plate moja ikiwaka kwa nguvu inakula kama gramu 150 kwa saa, kwa hiyo mtungi mmoja ni karibu saa 40 za moto. Kwa mtu anayepika ugali, maharage na chai, huo ni muda mrefu. Wa 15 ukijaa unapita kilo 30 pamoja na chuma chake, zote zikikaa juu ya ule mkono. Wakati wa kununua hakikisha mdomo wa mtungi unakubali regulata yako, siyo mitungi yote ya njiani inafanana, na muuzaji aupime kwenye mzani mbele yako.

Kupima uvujaji, nunua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, kama mita moja na nusu. Ufunge kwenye ubao ukiwa na umbo la herufi U, kila upande uwe na urefu wa nusu mita. Mimina maji yenye rangi hadi nusu ya kimo. Ncha moja iunganishe kwenye bomba mahali pa jiko, nyingine iache wazi. Fungua mtungi polepole. Regulata ya majumbani inatoa mgandamizo wa takriban milibaa 30, na utaona maji yanatofautiana kimo kwa sentimita 30 hivi, upande mmoja chini na mwingine juu. Sasa funga valvu ya mtungi, weka alama ya kalamu kwenye kimo cha maji, kaa dakika 10. Maji yakibaki kwenye alama, bomba lako ni zima. Yakiteremka hata kidogo, pitisha povu la sabuni kwenye kila nati, pale panapotoa mapovu ndipo penye kazi. Kamwe usitumie kiberiti kutafuta uvujaji. Baada ya hapo unganisha jiko na upake povu kiungio hicho pia.

Rudia kipimo hiki baada ya safari ya kwanza ya barabara ya vumbi, kwa sababu mtikisiko ndio unaolegeza nati. Moto uwe wa bluu. Ukiwa wa njano na sufuria inashika masizi, mara nyingi vumbi limeziba kitundu cha sindano, kile kidogo gesi inapotokea kuingia kwenye kichwa cha moto, kipulize, usikichokoe na msumari maana utakipanua.

Na ukianza safari, valvu ya mtungi ifungwe kabla hujawasha pikapu. Mtungi wa poda wa kuzimia moto uweke karibu na mlango, pasiwe nyuma ya jiko.

Mrina wa Kati

Hizo nati za shaba za fundi friji, nazifunga na ile tepu nyeupe ya bomba la maji?

Fundi Gesi Makole

Hapana. Mdomo uliopanuliwa unaziba kwa shaba kugusana na shaba. Ukiweka tepu unainyima kukaa vizuri. Tepu ni ya viungio vya uzi peke yake, kama pale regulata inapopokelewa, na iwe ile nene ya njano ya gesi. Nati zikaze kwa spana mbili, moja ishike na nyingine izungushe, bomba lisijipinde.