Mrejesho: moduli ya i2c-dev sasa inapakiwa yenyewe mashine inapowaka

Ndugu zangu, niliuliza kwa nini kompyuta yetu ndogo ya Debian (mfumo endeshi wa aina ya Linux), inayosoma joto la chumba cha baridi cha samaki hapa Kibirizi, Kigoma, hupoteza /dev/i2c-1, njia ambayo programu husomea sensa, kila umeme unapokatika na kurudi, hadi mtu aandike kwa mkono modprobe i2c-dev, amri ya kupakia moduli (kipande cha kerneli) inayoleta njia hiyo.

Nimefuata ushauri mlionipa: nimeunda faili /etc/modules-load.d/sensa.conf, la kutaja moduli za kupakiwa mashine inapowaka, lenye mstari mmoja tu, i2c-dev, kisha nikaiwasha mashine upya. Amri ya lsmod, inayoorodhesha moduli zilizopakiwa, inaionyesha kama i2c_dev, yaani kistari kimeshuka chini, jambo lisilo na madhara yoyote, na systemctl status systemd-modules-load, inayoonyesha hali ya huduma inayosoma faili hilo, haitoi kosa.

Aliyependekeza rc.local, faili la amri zinazoendeshwa kuelekea mwisho wa kuwaka kwa mashine, namshukuru, ingawa kwangu huo ni ushauri wa kiraka, kwa kuwa programu yetu ya vipimo inaweza kuanza kabla amri zake hazijafikiwa. Kwa atakayepita njia hii, vigezo vya moduli (mipangilio yake ya ziada) haviandikwi katika faili la modules-load.d, ambalo hupokea majina tu. Mahali pake ni /etc/modprobe.d. Umeme umeshakatika tena usiku, na asubuhi mzee wa zamu alikuta vipimo vinaendelea.