Mrejesho: Mama anayekwamwa na ugali kifuani

Wakuu, asanteni. Niliuliza kwa nini mama akila ugali unamkwama kifuani mpaka aushushie na maji. Kafanyiwa endoskopi, ule mpira wenye kamera: umio, yaani njia ya chakula kwenda tumboni, kwa chini una michubuko ya asidi inayopanda kutoka tumboni. Saratani hawajaiona, ila wamechukua kipande kidogo cha nyama ya umio wakapime. Daktari anasema umio uliovimba kwa asidi unaweza kusukuma chakula kwa ulegevu, na ukilegea asidi hukaa humo zaidi, uvimbe unaongezeka. Yaani vinachocheana! Mama anameza omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, nusu saa kabla ya chai ya asubuhi. Ugali laini na mlenda sasa unapita; nyama bado mtihani. Dozi ikiisha hali ikiwa hivyo, watapima msukumo wa misuli kwa mrija unaopitishwa puani.