Kiwanja cha ufukweni Kayenze, Mwanza: "ofa inaisha leo"

Mgeni_Igoma: Wakuu, dalali anatupeleka kuona viwanja bure kwa Coaster, chakula juu yao, ila kianzio wanataka leoleo. Ni kawaida?

Sangara: Ndio mtego wenyewe: ushibe, uone haya kukataa. Usilipe. Chukua namba ya kiwanja na kitalu, kafanye upekuzi rasmi ofisi ya ardhi. Utaona mmiliki, rehani, zuio. Kuwa kwenye ramani ya mipango miji si kupimwa. Tafuta bikoni (alama za mpaka zilizowekwa na wapima ardhi) zenye namba.

Mama_Ilemela: Nyongeza, pima mita 60 kutoka majini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu humo, na "mandhari ya ziwa" mara nyingi ndiyo hiyohiyo! Soma pia kifungu cha mkataba kuhusu kushindwa kulipa awamu.